Zinfandel kumi na mbili na joto la Mtwara: uchambuzi wa kisa kimoja

Sisimizi walinitangulia. Nilipoinua chupa ya kwanza kutoka kona ya stoo, msururu wao ulikuwa unapanda ubavuni mpaka shingoni, na chini ya ile foili palinata kama mdomo wa chupa ya asali. Nikapitisha kidole, nikanusa. Ilikuwa harufu ya zabibu kavu zilizosahauliwa, na nyuma yake ukali kidogo wa siki. Nilipoondoa foili nikakuta kizibo kimejisukuma nje kiasi cha unene wa sarafu mbili, kimelowa mpaka juu, kimegeuka rangi ya damu ya mzee.

"Mama, hizi zimekaa humu tangu lini?"

"Tangu mpangaji wangu yule wa gesi aondoke, mwanangu. Elfu mbili na kumi na tano. Hakuna mkono uliozigusa."

Aliyasema hayo kwa fahari ya mtu aliyetunza amana. Alikuwa amezihifadhi kwa ajili ya harusi ya kitinda mimba wake, iliyokuwa imebakiza wiki tatu, na mimi aliniita kwa jambo dogo tu: nimwambie ziende meza kuu zikiwa za baridi au za kawaida. Kama zinanyweka au hazinyweki, hilo halikuwa swali kwake. Divai ikikaa inazidi kuwa njema. Si ndivyo tunavyosikia tangu utotoni?

Mimi nilisimama nyuma ya kaunta za hoteli Dar es Salaam miaka mingi, na sasa nafundisha vijana wa kuhudumia wageni hapa Mtwara. Nimeulizwa mara nyingi kama Zinfandel, mvinyo wa zabibu ya jina hilohilo, hupanda au hushuka ubora ikiwekwa muda mrefu, na mara nyingi nimejibu kwa kukariri. Kisa hiki kilinilazimisha nijibu kwa ulimi wangu mwenyewe, maana bila mtu kukusudia, kilikuwa kimejipanga kama jaribio.

Mambo yalikuwa hivi. Nyumba iko Shangani, upande wa bahari. Miaka ile ya harakati za gesi, kabla bomba la kwenda Dar es Salaam halijakamilika mwaka 2015, nyumba nyingi za mtaa ule zilipangishwa kwa wageni. Mpangaji wa Mama alikuwa fundi mitambo kutoka California, na kwenye mizigo yake alikuja na katoni moja ya Zinfandel nyekundu, chupa kumi na mbili za aina moja. Lebo ilisema mavuno ya mwaka 2010, eneo la Lodi hukohuko California, kilevi asilimia 15, na nyuma kwa maandishi madogo kwamba ndani yake mna zabibu kidogo za Petite Sirah. Alipoondoka akamwachia Mama katoni zima kama shukrani, akamwambia kwa Kiswahili chake cha kubahatisha: "Tunza hizi." Mama akaelewa: ziache zikae.

Mdogo wake wa kiume, ambaye nyumba nzima inamwita Mjomba, alichukua mbili akaenda nazo kwake Newala. Tatu zilipata nafasi kwenye droo ya chini ya friji ya akiba, ile inayohifadhi soda za wageni. Saba zikaenda stoo, zimesimama wima, chini ya bati lisilo na dari. Moja kati ya hizo saba ilifunguliwa Krismasi ya mwaka uleule, na Mama anaikumbuka mpaka leo: nyeusi kama zambarau, tamu, inatia joto kifuani. Kumbukumbu hiyo ndiyo iliyompa imani kwamba mwaka 2024 zitakuwa zimepita hapo.

Kwa hiyo nilikuwa na mvinyo mmoja, wa shamba moja na mwaka mmoja, uliosafiri katika kontena moja, kisha ukaishi miaka tisa mahali patatu tofauti. Mtu wa kazi yangu anaweza kumaliza maisha asikutane na bahati kama hiyo.

Nilimwomba Mama ruhusa ya kufungua moja kutoka kila mahali. Alisita, halafu akasema sawa, bora tujue. Mjomba alishuka na basi kutoka Newala, chupa yake ameiviringisha kwenye kitenge ndani ya begi. Nilizivika zote tatu mifuko ya kaki ili asiyejua asibashiri, nikazitia kwenye ndoo ya maji na vipande vya barafu mpaka zikalingana ubaridi, nikazimimina polepole kwenye majagi ili mashapo yabaki chini. Wanywaji tulikuwa wanne: mimi, Mama, Mjomba na bibi harusi mtarajiwa.

Jagi la kwanza lilikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyolala. Nilipolishika mbele ya dirisha, wekundu ulikuwa umebaki katikati tu. Pembeni pote palikuwa kahawia. Harufu ilitoka yenyewe, bila kuinamia glasi: jamu iliyoshika chini ya sufuria, sukari guru, halafu siki. Mdomoni palikuwa na utamu mfu, kisha mchomo wa kilevi kooni, kisha hakuna kitu. Bibi harusi aliirudisha glasi mezani. Mama alimeza, akanyamaza.

Jagi la pili lilikuwa na rangi ya tofali lililochomwa vizuri. Tende, tumbaku, pilipili manga kidogo. Ukakasi ulikuwa umelainika kabisa, ulimi ukateleza juu yake. Lakini tunda halikuwepo; lilibaki vumbi lake. Na kilevi kilisimama peke yake, kinaonekana.

Jagi la tatu lilinishangaza. Bado lilikuwa jekundu la kina, pembeni tu ndipo palipoanza kutu. Zambarau ilikuwepo, si mbichi tena, ni kama iliyokaushwa juani, na pilipili manga imekaa vizuri juu yake. Mvinyo ulikuwa laini na mrefu, ukimaliza kumeza bado unaongea. Nilirudi kwenye jagi hilo mara tatu.

Nilipovua mifuko, hakuna aliyeshangaa kuhusu la kwanza: stoo. La pili lilikuwa la Newala. La tatu lilitoka kwenye friji ya soda.

Nianze na stoo, maana hapo ndipo penye shauri la wazi. Kwa siku tatu nilitundika kipimajoto kwenye msumari karibu na lile katoni. Mchana kilisoma nyuzi 35, alfajiri 28. Mvinyo unaotarajiwa kukaa miaka huwekwa mahali pa nyuzi 12 hadi 14, pasipobadilika sana. Kanuni ya jumla ya kemia inasema kwamba joto likipanda kwa nyuzi 10, mambo yanayotokea ndani ya kimiminika huenda kwa kasi takribani maradufu. Si mizani ya dhahabu, ila inatosha kukuonyesha njia. Ukichukua wastani wa nyuzi 31 pale stoo, kila mwaka mmoja ulikuwa unahesabika kama mitatu au minne. Miaka tisa ya Mama, kwa hesabu ya mvinyo, ni thelathini na zaidi. Na kuna jambo baya kuliko kasi: joto kubwa huamsha mabadiliko ambayo baridini yasingetokea kabisa, ndiyo ile ladha ya kuiva jikoni. Kisha kila mchana mvinyo ulitanuka ukasukuma kizibo, kila usiku ukanywea ukavuta hewa ndani. Pumzi hiyo ya kila siku ndiyo iliyotoa utomvu waliousikia sisimizi.

Mjomba alinikatiza hapo. "Lakini wazee walisafirisha divai kwa merikebu, miezi juani. Mbona haikuharibika?"

Swali la haki. Ipo mvinyo iliyojengewa jina na joto lenyewe, ile ya kisiwa cha Madeira cha Wareno. Mapipa yalivuka bahari za joto ndani ya matumbo ya meli, yakarudi mvinyo ukiwa mtamu zaidi, na leo bado huupasha joto kwa makusudi. Ila Madeira huongezwa pombe kali mpaka kufikia asilimia 17 na kupanda, na zabibu zake zina uchachu mkali unaoushikilia mwili usianguke. Zinfandel ya asilimia 15 haina ngao hizo mbili. Ina kilevi cha kutosha kuchoma, kisichotosha kulinda.

Sasa nije kwenye zabibu yenyewe, maana watu wengi humlaumu mtunzaji wakasahau kuuliza alikabidhiwa nini.

Zinfandel ina tabia moja ambayo mkulima yeyote wa matunda ataielewa: kishada kimoja hakiivi kwa pamoja. Unaweza kukuta punje zilizoiva, punje za kijani na punje zilizokwisha kunyauka kuwa zabibu kavu, zote kwenye kikonyo kimoja. Ukisubiri za kijani ziive, zile nyingine zinazidi kukusanya sukari, na sukari ndiyo inayogeuka kilevi. Ndiyo sababu asilimia 15 kwa Zinfandel ni jambo la kawaida. Tena sheria ya Marekani huruhusu lebo ipishane na ukweli kwa asilimia 1 juu au chini ikiwa kilevi kimepita 14, kwa hiyo ile ya Mama inaweza kuwa 16. Zabibu ikiachwa kuiva sana, uchachu wake nao hushuka. Uchachu ukishuka, rangi haishiki vizuri, na ile salfa kidogo inayotiwa kuulinda mvinyo inapungua nguvu.

Damu yake inajulikana siku hizi. Wataalamu wa vinasaba, Carole Meredith wa California pamoja na Ivan Pejić na Edi Maletić wa Kroatia, waliikuta mwaka 2001 kwenye shamba la zamani huko Kaštela, karibu na mji wa Split, Kroatia, ikiitwa Crljenak Kaštelanski. Waitalia wa Puglia wanayo pia, wanaiita Primitivo, jina linalotokana na kuwahi kuiva. Huko nako nyingi hunywewa zikiwa changa. Zabibu hii ni ya haraka kwa asili.

Mvinyo mwekundu ukikaa, kinachotokea ni hiki. Ukakasi, ule ule unaokauka mdomoni ukila bibo ambalo halijaiva sawasawa, hushikana wenyewe kwa wenyewe na kushikana na rangi, unakuwa mzito, unazama chini kama mashapo. Ndipo mvinyo unalainika na kupauka. Wakati huohuo harufu ya tunda inapungua, na mahali pake zinakuja harufu nyingine: majani makavu, ngozi, tumbaku. Zabibu kama Cabernet Sauvignon huanza na ukakasi mwingi kiasi kwamba mnywaji anashukuru ukipungua. Yeye analipwa. Zinfandel huanza na utajiri wa tunda. Ndilo linalomfanya mtu aifungue. Ikikaa, inatumia mtaji huohuo. Kilevi, kwa upande wake, hakipungui. Nilimweleza Mama kwa mfano wa Mikindani: bamvua likijaa unaona maji tu, likikupwa ndipo unaona mawe yaliyokuwa chini siku zote. Chupa ya Newala ilikuwa mawe.

Nisipitilize. Zipo Zinfandel zinazoishi. Ridge, watengenezaji wa California, wamekuwa wakitoa mvinyo wao wa Geyserville tangu mavuno ya 1966, na chupa zake zilizotunzwa vizuri hunyweka kwa raha baada ya miaka kumi, na nyingine ishirini. Lakini tazama ndani: Geyserville ni mchanganyiko, ina zabibu ya Carignane inayoleta uchachu na Petite Sirah inayoleta ukakasi na rangi, na miaka mingi Zinfandel yake haifiki asilimia 75 inayotakiwa kisheria ili jina la zabibu liandikwe kwenye lebo. Mashamba ya zamani ya California yalipandwa hivyo, mizabibu mbalimbali kwenye mistari ileile. Kwa maoni yangu ile Petite Sirah kidogo kwenye chupa za Mama ndiyo iliyobeba chupa ya friji. Maneno "mizabibu mikongwe" yaliyokuwa mbele ya lebo sikuyapa uzito huo. Sheria ya Marekani haijaweka umri wa mzabibu kuitwa mkongwe.

Na Zinfandel ya pinki, ile tamu ambayo wengi wetu ndiyo tuliyoifahamu kwanza, hiyo isiwekwe hata kidogo. Inunuliwe, inywewe.

Turudi mezani, maana hapo palitokea jambo ambalo naliona la maana kuliko kipimajoto. Mimi nilisema chupa ya friji imekomaa. Mama akasema imechoka.

"Mwanangu, mimi ile ya Krismasi naikumbuka. Ilikuwa inacheka. Hii imekaa kimya."

Nilitaka kubishana, nikajizuia. Alikuwa anasema kweli kabisa. Alichokipenda kwenye mvinyo ule kilikuwa tunda na uchangamfu, na hata friji, yenye baridi kali kuliko inavyotakiwa, iliyokatikiwa umeme mara nyingi, ilichokifanya ni kuchelewesha kuondoka kwake. Mimi nimezoeshwa na kazi kupenda majani makavu na pilipili manga, yeye hajazoeshwa, na sioni kwa nini azoeshwe. Bibi harusi alikuwa upande wangu. Mjomba alikuwa upande wa dada yake, ingawa alimaliza glasi.

Baada ya saa moja na nusu nililionja tena jagi lile la tatu. Lilikuwa limeanza kuporomoka: tunda limekwenda, kilevi kimejitokeza. Mvinyo mzee ukifunguliwa hauna subira, na mtu anayeumimina asubuhi ili aunywe jioni anajidhulumu. Wanaokunywa uraka wanajua jambo hili bila kufundishwa. Maji ya mabibo yaliyokamuliwa asubuhi ni matamu, jioni yamekuwa makali, kesho yake ni siki, na hakuna mtu wa Mtwara anayekuambia uyaweke mpaka mwakani yawe bora. Saa ya uraka inakwenda mbio, ya mvinyo inakwenda taratibu, lakini zote mbili zinatiwa ufunguo na joto.

Mama aliuliza kama zile za stoo zingeweza kuwadhuru wageni. Hapana. Huku tunaogopa, na ni sawa kuogopa, kwa sababu ya gongo isiyojulikana ilikotoka. Mvinyo wa zabibu uliopikwa na joto unaharibika ladha, haugeuki sumu. Tatizo lake ni aibu ya meza kuu.

Imani yake kwamba kukaa ni kunoga niliichukulia kwa heshima, maana ina mahali ilipotoka. Alikulia Ndanda, karibu na abasia ya Wabenedikto, na divai aliyoiona utotoni ilikuwa ya altare: ilikaa kabatini kwa heshima na ilionekana haiharibiki. Nilimkumbusha kwamba Kanisa lenyewe, katika kanuni ya 924, linataka divai ya misa isiwe imeharibika. Ile ya sakristia hutumika kila siku, chupa inaisha inakuja nyingine. Aliyoitunza yeye miaka tisa ilikuwa kwenye chumba ambacho mchele wenyewe tungeuhofia fukusi.

Tulifungua mbili zaidi za stoo ili kuwa na hakika, zikawa sawa na ya kwanza, moja mbaya zaidi. Tatu zilizobaki zilikuwa na vizibo vilivyosogea. Hizo zilikwenda jikoni, kwenye mchuzi wa nyama ya ng'ombe wa siku ya kuchambua mchele, na huko zilifaa. Kwa ajili ya harusi tulichukua mvinyo mwekundu wa Dodoma wa mavuno ya karibuni. Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, hivyo mvinyo mchanga haukosi. Niliuweka kwenye barafu dakika ishirini kabla ya chakula, kwa sababu "joto la chumba" wanalolisema vitabuni si la chumba cha Mtwara. Uliisha wote.

Mbili za friji zilizobaki tulizigawa. Moja tuliifungua usiku wa kuamkia harusi, barazani, upepo wa bahari unaingia, glasi ndogo ndogo kwa watu saba, na ikaisha kabla ya saa kupita. Nyingine Mama alimpa binti yake aende nayo Dar es Salaam. Niliandika kwa kalamu ya wino kwenye lebo: ifunguliwe kabla ya Pasaka.

Mjomba bado ana yake moja, Newala, chini ya kitanda, ameilaza kwenye boksi lililojaa pumba. Nilimsihi ainywe mwaka huo huo, kwa kuwa tunda lake limeshaondoka na hakuna kinachokuja baada yake isipokuwa mchomo. Amekataa. Anasema hakuileta mara ya kwanza ili ainywe, aliipokea kutoka mkononi mwa dada yake, na kwamba ataifungua siku mjukuu wa kwanza wa nyumba ile atakapobatizwa, hata kama itakuwa siki. Nimemwomba jambo moja tu, aihamishe kutoka upande wa ukuta unaopigwa na jua la jioni, na hilo amelifanya.